Ile Programu ya Watoto

Katee uko? Nakutumia kwa vipande, hii simu inakata meseji.

Unakumbuka Sironka mwenye saiba, lile duka la kompyuta pale Noonkopir? Nilimuuliza programu ya kuchora ya mtu anaanza tu, isiyo na gharama. Akasema ile ya bure ni ya watoto. Akaniwekea ya wataalamu. YA WATAALAMU, Katee! Mwezi mzima nimehangaika na vitufe hata sivielewi.

Leo kikundi cha Mama Jane kimekuja hapo saiba kuchagua nani atawachorea mitindo ya shanga. Akina mama kumi wamesimama nyuma yangu. Nafungua, inaniambia siku thelathini za majaribio zimeisha, ninunue. Michoro yangu yote iko ndani na haifunguki.

Majaribio! Na Sironka alijua.

Mama Jane akaniambia, "Mwanangu, si ungesema tu hujui kompyuta." Mbele ya wote. Eti mimi sijui kompyuta!

Sironka akasema pole sana, akawasha mashine yake. Mchoro wa mkufu, safi kabisa. Ameuchora na nini? Na ile ya watoto.

Nikaangalia vizuri. Ni mkufu wangu, Katee, ule nilimwonyesha wiki jana. Hata pale nilikosea, safu ya tano, nyekundu mbili zikafuatana, na yeye ameweka mbili.

Mama Jane amempa kazi. Anasema hiyo safu ya tano ndiyo imempendeza.