Baba, Usikuje Shule, Ulikufa

Mpendwa Bi Firdaus,

Nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti kuomba msaada nikiwa na hasira ambayo haijawahi kunishika tangu nizaliwe, na kama mwandiko umepinda ni hiyo hasira, si pombe, mimi sinywi. Mimi ni mwanamume mzima, nina mke na mtoto, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Thika, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu natakiwa niwe nimekufa.

Binti yangu Maxine yuko darasa la saba. Mwaka jana mwalimu wake wa Kiswahili, Bwana Kaleli, alituita wazazi akatuambia shule imepata kompyuta moja na laini ya simu, na watoto wetu wataandikiana barua pepe na watoto wa shule moja ya Ujerumani wanaojifunza Kiswahili, wetu wawafundishe lugha na wale wawafundishe dunia, tukapiga makofi, na mimi kazini nikajigamba mpaka wenzangu wakanibandika jina la Baba Intaneti, kumbe hiyo kompyuta inakaa ofisini imefunikwa kitambaa cha kufuma na hakuna mtoto amewahi kuigusa, Kaleli ndiye anaandika barua zote kwa majina ya watoto, na majibu yakija anayasoma darasani watoto wanayanakili kama insha.

Haya yote sikuyajua mpaka wiki iliyopita. Tulikuwa tunakula, Maxine akaniambia polepole, "Baba, hiyo Jumamosi ya wageni usikuje shule."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ulikufa. Mwalimu aliambia wale wa Ujerumani ulikufa, wakatuma pole, na sasa ticha wao anakuja kutuona. Wataleta kompyuta zingine."

Nilidhani ni mchezo. Nikamtazama mke wangu Selpha, nikaona anakoroga mboga iliyoiva zamani. Alikuwa anajua, Bi Firdaus. Kaleli alikuwa amemwita akamwomba siku hiyo akae kiti cha mbele na kitambaa cheusi kichwani, naye akakubali. Kisha akasema, "Baba Maxine, ni siku moja tu. Si uende Ruiru kwa ndugu yako, urudi jioni. Watoto watapata kompyuta na wewe hutapungukiwa na kitu." Sitapungukiwa na kitu isipokuwa uhai.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda shuleni nikiwa bado nimevaa ovaroli. Kaleli akanikaribisha kiti kama mtu asiye na deni na Mungu. "Mzee, hiyo ni insha tu," akaniambia. "Barua ya kwanza ya huyo msichana, ile aliniandikia kwenye daftari niitume, ilikuwa eti vile baba yake hula firigisi. Sasa mzungu atafanya nini na firigisi?"

Nikueleze, kwa sababu hapo ndipo moyo ulipasuka. Kwetu magharibi firigisi ya kuku, ile tunaita imondo, ni ya baba, hakuna mwingine anaigusa. Mimi tangu Maxine aote meno nimekuwa nikiikata nusu nampa, na mama mkwe wangu alilalamika mpaka akachoka. Hicho ndicho mtoto wangu alitaka Wajerumani wakijue. Kaleli akakifuta akaandika kifo. Tena akaniambia nikifungua mdomo kompyuta hazitakuja, na shule nzima itajua ni makosa ya nani.

Tangu siku hiyo sisemi na Selpha, wala Maxine. Mtoto akinisalimia nageuza uso, kwa sababu alikaa miezi yote hiyo akinakili pole za kifo changu na kupewa alama nzuri. Sasa niambie, niende niwaaibishe wote mbele ya mgeni, ama niende Ruiru nikafe kwa heshima?

Philip, Thika

*

Bwana Philip,

Pole, ingawa naona pole zako zilishafika kutoka Ujerumani. Hasira yako ni halali na mimi pia imenishika. Mwalimu anayemzika mzazi aliye hai ili apate mashine hafundishi Kiswahili, anafundisha kuombaomba kwa sarufi safi. Tena asikudanganye kwamba hiyo ni insha. Insha husahihishwa ikarudishwa kwa mtoto, haipelekwi kwa mtu wa mbali akaiamini akalia. Huko Ujerumani kuna mtoto amejifunza neno yatima kwa jina la binti yako.

Sasa nisikilize, maana na wewe hujapona. Katika watu wote hao, mwalimu, mke na darasa zima, ni mmoja tu aliyekuambia ukweli, tena akiogopa, na huyo ndiye umemnunia. Ulitaka mtoto wa darasa la saba amkatalie mwalimu mwenye kiboko? Wewe mwenyewe ulikaa mwaka mzima ukiitwa Baba Intaneti na hukumuuliza hata siku moja, "Mwanangu, leo umeandika nini?" Kujigamba uliweza, kuuliza kulikushinda.

Selpha amekosa, na aambiwe amekosa, kwa mdomo, si kwa mkono wala kwa kununa. Mwanamke hajaribu ujane kama anajaribu viatu. Lakini kilichomponza ndicho kilichokuponza wewe, hamu ya kumwona mtoto wenu mbele ya kompyuta.

Ruiru usiende. Wala usingoje Jumamosi ili umvizie mgeni wa watu kwa fujo. Rudi shuleni kesho, wewe, Selpha na Maxine, mwende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na Kaleli aitwe asikie. Sema kitambaa kiondolewe kwenye kompyuta, Maxine akae mbele yake, aandike kwa vidole vyake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Thika, makosa yakiwemo, kwamba baba yake yuko hai na ile barua haikuwa yake. Kompyuta zisipokuja, zisije. Lugha anayofundishwa mtoto kwa kunyang'anywa maneno yake haitamfaa hata akiwa na kompyuta kumi. Wakikataa, vaa koti lako Jumamosi, ukae kiti cha mbele kando ya mke wako, na ukiulizwa wewe ni nani, taja majina yako yote.

Hayo ni ya kesho. Leo, kabla gazeti hili halijafungiwa sukari, nunua kuku. Mwite Maxine kwa jina lake, akae karibu nawe. Firigisi ikiiva ikate nusu, umpe yeye kwanza, kisha ule yako yeye akikutazama.