Maji ya Mama Uwanjani

Jumapili, 13 Januari 2002

Zamu ya maji ya Mama leo, baada ya alasiri. Nimetoka skuli moja kwa moja, sikubadili hata viatu. Nimeondoa jiwe na matambara, maji yakaingia uwanja wa tenisi. Membamba. Mwaka juzi yalikuwa yakifika mstari wa nyuma kabla sijakaa kitako. Leo yamefika kwenye wavu, yakasimama. Ukoka umekuwa rangi ya gunia.

Fainali ni Alhamisi ya tarehe 31. Tangu uhai wa Baba ratiba inapangwa kwa maji: falaj, mfereji wa mji, hutufikia kila siku ya nane, na baada ya hapo hakanyagi mtu mpaka majani yakauke. Wageni hucheka. Mashindano gani haya, yanayongoja zamu ya bibi mmoja. Wacheke.

Nassor kapita kwa gari. Hakuteremka. Kashusha kioo, kasema niandike historia ya mashindano, kurasa mbili, isomwe mbele ya mgeni kutoka Maskat. Mdogo wangu huyu, nimembeba mgongoni. Tangu Baba afariki yeye ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti hateremki garini.

Nitaandika. Hili nalijua kuliko yeye.

Jumatano, 16 Januari

Historia, basi. Nimeandika baada ya kusahihisha madaftari ya jografia.

Tulirudi kutoka Unguja mikono mitupu. Kule Baba alikuwa karani, na kila jioni akicheza tenisi kwenye majani ya klabu. Hapa Ibra, Omani, akakuta mitende, mawe na jua. Akasema mtu mzima hawezi kucheza juu ya kokoto. Alisema mbele ya wazee wa hapa, wakamwona ana wazimu. Akapata mizizi ya ukoka kwa rafiki Maskat, akaileta kwenye gunia bichi. Mimi na Nassor tukaipandikiza kwa mikono, magoti yakachubuka. Pipa la mafuta likajazwa mchanga, likawa la kusawazishia. Wavu wa kwanza aliushona shemeji wa Sur kwa nyavu za jodari, na mpira ukipita katikati bila taabu. Refa alikaa juu ya ngazi ya kuchumia ndimu, maana ndimu zenyewe hazikuwapo tena.

Watu wa Nizwa walikuja kwa lori. Wao walirudi kutoka Burundi na Kongo, wakilaani kwa Kifaransa kila mpira ukigoma kuruka. Kwenye ukoka mpira hauinuki, unateleza. Mwaka wa mvua kubwa wadi ilifurika, ikafunga njia, watu wa Sur wakabaki kwetu na papa wao mkavu, nyumba ikanuka mwezi mzima. Mwaka mwingine mbuzi walivunja ua, wakala pembe nzima ya kushoto, kesho yake fainali. Baba alilia. Mama yake alipokufa hakulia, kwa ukoka alilia.

Wanawake tulicheza asubuhi, ua umezungushiwa makuti na mashuka. Nilishinda mara mbili. Hilo nalo nimeandika. Nani wa kunizuia?

Mwisho nimeandika lisilosemwa. Maji ni ya Mama. Zamu aliirithi kwa baba yake yeye, pamoja na shamba. Baba hakuwa na tone. Mama alitoa maji yake kwa ajili ya ukoka. Sentensi moja tu. Nimeipigia mstari.

Jumamosi, 19 Januari

Nassor kaikata historia.

Kanirudishia karatasi kwa mkono wa mkewe. Ushindi wangu kakata. Mbuzi kakata. Ya Mama kaifuta kabisa, pahala pake kaandika "marehemu Mzee Said alitoa maji yake". Yake! Baba aliyekuja Ibra na sanduku moja na raketi mbili!

Na chini, kwa kalamu nyekundu kama kwamba yeye ndiye mwalimu: mwaka huu ni wa mwisho wa majani. Baada ya mashindano watamwaga simenti. Kamati imekwisha kukubaliana. Falaj imepungua, na Nizwa wana simenti, na Sur wana simenti, sisi tu ndio tumebaki na mambo ya kizamani.

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Nimekasirika mpaka nimewapa watoto wa darasa la tisa mtihani ambao hawakuutarajia. Kwa haki yao Mungu atanihukumu.

Jumatatu, 21 Januari

Zamu. Maji hayakufika hata kwenye wavu.

Baadaye nikaenda kwa Nassor. Sikukaa. Nilipiga kelele mbele ya mkewe na mgeni wa watu kutoka Bidiya aliyekuja kuuza tende. Nilimwambia ni mwizi. Anamwibia mama yake mzazi jina, kisha anampakia simenti juu yake. Akaniambia nipunguze sauti. Nikaongeza. Akasema Mama mwenyewe hajalalamika hata siku moja, mimi nasemea nini? Yule wa Bidiya akawa anazitazama tende zake.

Nikaondoka, nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anachambua bizari. Nikamweleza yote. Nikamwambia dawa ni moja: atamke mbele ya wakili wa falaj, mgawaji wa zamu, kwamba maji haya ni wakfu wa ukoka, hayaondoki milele. Nassor hatathubutu. Nikamwambia maneno ya kusema, mpaka namna ya kuyapanga.

Mama kaendelea na bizari yake. Nikadhani amenielewa.

Ijumaa, 25 Januari

Baada ya sala kaja kila mtu kula kwa Mama. Nassor na mimi hatukuangaliana. Pilau ilikuwa nzuri, nimeiacha nusu.

Kisha Mama kataka kupelekwa uwanjani. Miaka hajatia mguu pale. Siku za mashindano hubaki jikoni, anapika vya wageni. Nilimshika mkono mpaka kwenye ua. Kaingia peke yake na bakora. Kazunguka. Kasimama karibu na mstari wa nyuma, pale nilipokuwa nikisimama kuanzisha mpira, kachokoa ardhi kwa ncha ya bakora. Kasogea hatua chache, kachokoa tena. Hivyo mara nyingi, kwa mstari ulionyooka.

Moyo wangu ukajaa. Nikaona Mama anaukagua na kuulinda ukoka wake. Nikawaambia walimu wote wa skuli: Mama yuko upande wetu. Ngojeni zamu ya Jumanne.

Nassor kanipigia simu magharibi, anabembeleza. Eti jina la Mama atalitia, mradi nisizungumze habari ya simenti. Nikamkatia.

Jumanne, 29 Januari

Sijui niandikeje. Safari hii sijui hasira ni ya nani.

Zamu ya mwisho kabla ya fainali. Bila maji ya leo ukoka Alhamisi ni vumbi. Nassor alikuwapo, na wajumbe wawili wa kamati. Wamekuja kuhakikisha, maana mpaka simenti ije wanayataka majani yapendeze mbele ya mgeni. Mzee Hamed, wakili wa falaj, kasimama na saa yake mkononi. Mama kakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji. Mimi nilivaa nguo nzuri. Nilivaa nguo nzuri!

Muda ulipofika nikainama kuondoa jiwe. Mama akasema, "Liache, Zuwena."

Nikaliacha. Akamwambia Mzee Hamed maji yaende chini, penye ukuta, kwenye kijisehemu anachopanda giligilani na mche wake mmoja wa ndimu. Mzee Hamed akauliza mara mbili. Ndiyo sheria. Mwenye maji akisema, basi. Akafungua upande wa pili.

Nassor akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake nyeupe. Mama, keshokutwa, mgeni, tutaaibika. Mama akamwacha amalize. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi:

"Hapa palikuwa na ndimu za baba yangu. Mstari mzima. Tulirudi kutoka Unguja, siku ya tatu baba yenu kazikata. Hakuniuliza. Weye Nassor hukuniuliza. Na weye Zuwena ndo kabisa, umenijia na jawabu mkononi."

Nikasema, Mama, si ulitoa maji yako kwa ajili ya...

"Sikutoa. Yalichukuliwa. Mie nikanyamaza kwa kuwa kila mtu alikuwa akifurahi. Khalas, n'shachoka kunyamaza."

Akataka kupelekwa nyumbani. Hakuna aliyemshika mkono haraka. Sote tulisimama pale kama waliomwagiwa yale maji.

Naikumbuka siku ndimu zilipokatwa. Nilikuwa msichana. Tuliburura matawi tukiimba, mikono inanukia, Nassor kapanda juu ya rundo. Ilikuwa sikukuu. Uso wa Mama siku ile siukumbuki. Najaribu tangu alasiri, siuoni.

Nina hasira na Baba. Kuandika hili ni kama kutukana, lakini nimeandika. Nina hasira na Nassor bado, haijapungua hata chembe. Na ile sentensi yangu niliyoipigia mstari, niliyoipigania mbele ya watu na tende zao, nayo ni uongo.

Alhamisi, 31 Januari

Fainali. Kijana wa Sur na daktari wa meno kutoka Nizwa. Vumbi. Ukoka uling'oka kwa vipande chini ya viatu vyao, na mpira ulikuwa ukiruka kila upande isipokuwa ule unaotazamiwa. Kijana wa Sur alianguka mara tatu, akashinda. Watu walipiga makofi ya huruma.

Mama alikuja. Mara ya kwanza. Hakupika kitu, wageni wamelishwa sambusa za kununua. Kakaa mbele upande wa wanawake na bakora mapajani.

Nassor akasimama kusoma historia. Yake, si yangu. Akafika pale. "Marehemu Mzee Said alitoa maji yake..."

"Yangu," akasema Mama. Hakupaza sauti. Lakini akasikika mpaka kwa mgeni.

Nassor akarudia mstari. "Alitoa maji ya Mama..."

"Na sikutoa."

Nilimwona mdogo wangu akiitazama karatasi kama mwanafunzi asiyejua jibu. Nikangoja nifurahi. Sikufurahi. Mwisho kaikunja karatasi, kasema maji ni ya mama yetu, Bi Shariffa, na shamba ni la Bi Shariffa, na ndimu zilizokuwa hapa zilikuwa za Bi Shariffa, na sisi tumecheza juu yake miaka yote bila kumwomba ruhusa. Kisha kakaa. Mgeni wa Maskat hakujua kama apige makofi. Mke wa daktari wa meno akaanza, wengine wakafuata. Mama alikuwa anafunga mtandio.

Simenti haimwagwi hapa. Mama kakataa na hilo. Kamwambia Nassor kama mnataka kucheza, katafuteni pa kuchezea, Ibra ni kubwa. Wajumbe wanatafuta kiwanja upande wa barabara kuu. Mwakani mashindano yatakuwapo, juu ya simenti, siku yoyote watakayopenda wao. Nimelia kidogo garini. Kwa ukoka nimelia, mimi pia.

Jumatano, 6 Februari

Zamu. Sikwenda skuli leo, niliomba ruhusa.

Nilianza kuchimba asubuhi. Ukoka uliokufa juu bado una mizizi migumu chini, jembe linarudi. Nassor kaja na sururu, bila gari, kwa miguu. Kachimba shimo la kwanza, mimi nikachimba la pili, la tatu tukasaidiana. Viganja vyangu vimetoka malengelenge pahala pale pale pa raketi.

Miche mitatu ya ndimu, kutoka Bidiya. Yule wa tende kaileta mwenyewe, na hakutazama usoni mtu yeyote.

Mama alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, kwenye mstari wa nyuma. Chokaa bado inaonekana kidogo. Alasiri ilipofika Mzee Hamed akaitikia kwa kichwa. Niliondoa jiwe na matambara. Maji yakaja, membamba, yakafika kwenye mtaro niliouchimba, yakangoja.

Nikamuuliza Mama yaanze mche upi.

Akainua bakora. Akaonyesha wa katikati.