Mungu Aliyeambiwa Asubiri

S.L.P. 47,
Tarime.
12 Julai, 1995

Mpendwa kaka Mwikwabe,

Shikamoo. Hali yako huko Chunya? Wifi Rahima na watoto wazima? Lile vumbi la mashimoni bado linakukohoza? Sisi huku tunavuta pumzi. Mahindi tumevuna kiasi, na Mama mzima, anakulalamikia tu. Habari za Baba nitakueleza.

Tarime ya sasa ukiiona huitambui. Kila mwenye miguu anakimbilia Nyamongo kwenye dhahabu, hata mwalimu Heche kaacha chaki. Mimi nauza chai na maandazi mbele ya gereji ya Shinde, yule fundi Mhindi anayetengeneza mashine za kusagia mawe. Wachimbaji wanakunywa chai kama ng'ombe waliotoka machungani, basi nashukuru.

Kuna jambo limenikaa moyoni. Jumapili ilikuwa sikukuu yao; Shinde alifunga kula, akafunga na gereji. Mama yake mzee akaniita ndani nikaone ibada yao. Kaka, walivyopapamba! Maua ya manjano, ubani, majani ya mrehani yametungwa kama shanga. Katikati sanamu nyeusi ya Mungu wao, Vithoba, kashika kiuno kwa mikono miwili. Nikauliza amegombana na nani. Shinde akacheka, akasema, "Hagombani, dada. Anasubiri."

Kwao, Maharashtra kule India, wanasimulia kwamba zamani kijana mmoja, Pundaliki, alikuwa akiwakanda miguu wazazi wake, Mungu mwenyewe akamjia mlangoni. Unajua alimwambiaje? Ngoja kwanza! Akamtupia tofali asimamie asikanyage matope, akaendelea kukanda. Na Mungu akasimama, mpaka leo.

Shinde anasema huyo ndiye Mungu Vishnu wa maandiko yao ya kale ya Kisanskriti, na sifa za mji wake, Pandharpur, zimo katika vitabu wanavyoviita Purana. Lakini watu wa kwao hawakuwaachia makuhani peke yao Mungu huyo. Wamemtungia nyimbo za Kimarathi, lugha ya jikoni kwao, na siku kama ile maelfu wanamwendea kwa miguu wakiimba. Yule mama mzee akaimba kwa sauti yake iliyochakaa, mwili ukanisisimka. Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, lakini nilipenda, sifichi.

Mara Wangwe, yule tajiri wa mashimo, anagonga geti kama polisi. Shafti ya mashine yake imekatika. Shinde alikuwa anamlisha mama yake papai. Akamjibu bila kuinuka, "Subiri, namlisha mama." Wangwe huyo, anayewaburuza hata madiwani! Nilitaka kuingia chini ya meza. Lo, akasubiri! Alikaa kwenye benchi langu, akanywa chai. Shinde alipotoka, alimwambia arudi kesho yake, naye akaitika.

Sasa Baba. Macho yamekwisha kabisa. Anatutambua kwa sauti, na sauti nazo zimeanza kumchanganya. Juzi alimshika ndugu yetu Simon mkono, akaanza kumpa baraka zako za kifungua mimba, akidhani ni wewe. Simon, mtu mzima mwenye ndevu, akalia mpaka Baba akaacha kubariki.

Barua yako inasema huwezi kurudi mikono mitupu, eti mpaka shimo litoe. Acha ujinga, kaka, na unisamehe kwa neno hilo. Huyo Mungu wa Shinde nilimtazama vizuri. Hana upanga, hana dhahabu, ameweka mikono yake kiunoni tu, na watu wanamlilia kwa furaha. Baba hajauliza dhahabu hata mara moja. Anauliza kama umepanda basi.

Msalimie Nikolaus mnayechimba naye, na umwambie akukopeshe nauli. Mama na Simon wanakusalimu sana.

Mungu akulinde njiani, akufikishe Baba angali anaijua sauti yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikigomba,
Gati