Usinitumie Tena Vidonge, Shangazi

Chumba cha juu, nyuma ya duka la dobi
Jumapili mchana, mtoto akiwa amelala

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Sisi tu wazima, tumekosa usingizi tu, maana mjukuu wako ameupiga marufuku humu ndani. Anaota meno, na kila jino analijaribia kwangu.

Kopo la vidonge vya maumivu ulilompa dereva wa basi lilifika salama. Ahsante, najua unavyojinyima. Ila sijalifungua, Shangazi, na sitalifungua. Nisikilize kabla hujanuna.

Unakumbuka uliponifundisha nimeze kimoja alfajiri, hata kichwa hakijaanza kuuma? Usipoziba ufa utajenga ukuta, ulisema. Nami nikaziba kila siku tangu nijifungue. Kichwa kikazidi. Nikaongeza cha mchana, kisha cha jioni. Juzi nikiwa kazini napiga pasi, macho yakajaa vimulimuli, nikaisahau pasi juu ya shati la mteja hadi likafuka moshi. Mwenye duka akasema, "Mama, nenda hospitali, au nenda nyumbani moja kwa moja."

Daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ni msichana, nilidhani karani. Nikamwonyesha kopo lako la zamani, tena kwa fahari. Akasema nina kipandauso, sawa, lakini maumivu haya ya kila siku yanaletwa na vidonge vyenyewe. Ubongo umevizoea, vikiisha mwilini, unavidai kwa kuuma. Kumbe nilikuwa naziba ufa kwa kitu kinachoupasua!

Nilibisha. Akaniambia zamani watu walitobolewa fuvu ili maumivu yapate pa kutokea. "Na aliyekuwa akitoboa naye alikuwa na uhakika kama wewe, mama."

Mume wangu aliposikia, akaenda kuleta bisibisi yake ya baiskeli. "Kaa hapa, mke wangu, ni kazi ya mara moja." Nilicheka mpaka kichwa kikauma zaidi.

Basi nimeacha. Daktari alinionya kitauma kwelikweli kabla ya kupoa, na hakusema uongo. Jana nilitapika kwenye beseni la nguo. Kopo jipya liko juu ya kabati, nalitazama nalo linanitazama. Kesho nampelekea daktari.

Nawe Shangazi, najua lako liko chini ya mto. Usiniambie ni la wageni. Kamwone daktari wa huko, umwambie vyote, hata vile unavyomeza Mjomba akiwa hayupo. Nakuhitaji uwe na akili timamu wakati huyu binti yangu atakapoanza kunishinda.

Msalimie Mjomba, na binamu yangu mwalimu. Mungu akulaze bila maumivu na akuamshe bila kuyatafuta.

Mtoto ameamka. Kopo la zamani nimelitia vifungo vya mashati, nikakaza kifuniko kwa kamba, ndiyo njuga yake. Analitikisa sasa hivi, na kila mtikiso unanigonga utosini. Simnyang'anyi.

Akupendaye bila kupungua,
Binti wa kaka yako