Madame naye aligoma

Jumanne, 11 Novemba

Mvua imenyesha tangu saa sita. Barabara yetu ya Katuba imekuwa tope jekundu, nami nimejifungia na madaftari ya darasa la nane. Nina haya, na afadhali niiseme hapa kabla sijaisema kwingine.

Leo nilifundisha mgomo wa wachimba shaba wa zamani, ambao ni mababu wa nusu ya watoto hawa. Nikaanza kwa kuuliza: grève ni nini?

“Madame, iko congé ya ba-prof!” akajibu Ilunga kutoka nyuma. Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Kweli, kwao grève ni likizo, yale majuma ambayo walimu tunabaki nyumbani na wao wanacheza mpira.

Basi nikawaeleza polepole. Posho ndogo, wasimamizi wenye fimbo, na watu waliokubaliana kwamba kesho king’ora kikilia hakuna atakayeshuka mgodini. Hapo Mwape, msichana asiyependa kusema, akainua kidole.

“Madame, na bale benye balingiaka ku kazi?”

“Ba-traître!” Wasaliti! wakapiga kelele wenzake kabla sijafungua kinywa.

Mwape akanitazama. “Na weye, Madame, mwaka ule ulifanyaka grève?”

“Ndiyo,” nikasema. “Nilifanyaka.”

Uongo mtupu.

Mwaka jana, juma la tatu la mgomo wetu wa walimu, nilipita mlango wa nyuma wa shule, chaki nimezifunga ndani ya kitenge. Mama alikuwa mgonjwa na niliogopa kufukuzwa. Kalaba, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama nje na wenzetu waliogoma. Aliniona. Akanisalimu kama kila siku: “Jambo, mama.”

Baadaye ni yeye aliyeadhibiwa: alihamishiwa Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa, mbali na watoto wake. Hajanilaumu hata siku moja. Juma lililopita alinitumia picha ya samaki wa ziwani, akauliza mama anaendeleaje. Heri angenitukana.

Sijutii kuhofia afya ya mama yangu. Labda hata wale walioshuka mgodini siku ile waliacha mtu kitandani. Ningeweza kuwaambia watoto hivyo. Somo lilikuwa mkononi mwangu, nikalitupa kwa sababu ya neno moja la Kifaransa walilopiga kelele.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mezani kwangu jioni hii hii. Sikuwaambia waandike jibu langu, lakini Mwape ameliandika, kwa mwandiko wake ulionyooka, chini kabisa ya maelezo ya somo: Madame naye aligoma, hakuogopa.

Hakuogopa!

Nimelia kidogo. Halafu nimekaa na kalamu nyekundu hadi chai imepoa. Sentensi haina kosa la tahajia wala la sarufi. Mwishowe nimeipigia mstari, nikaandika pembeni: “Kosa. Si lako, ni langu.”

Kesho, saa ya kwanza, nitalisahihisha ubaoni mbele ya wote. Ilunga atalisema lile neno, namjua. Aliseme tu. Nitamjibu nikiwa nimesimama, na nitawaambia pia habari za Kalaba.

Na asubuhi nitapita mlango wa mbele.