Siku Niliyoacha Kujikana

Perm, 3 Machi

Shangazi Klavdia mpenzi,

Kabichi yako ya kuchachusha imefika salama, na Mama anaificha nisimmalizie.

Usishtuke nikikuambia kwamba siku hizi naendesha tramu. Tangu kifundo cha mguu kilichoumia kiniachishe dansi ya bale, mwaka mzima nilikuwa nikijikana mitaani. Mtu akiniuliza, "Wewe si Taisiya, yule mcheza bale?" namjibu, "Umenifananisha," kisha narudi nyumbani kulia. Hilo sikukuandikia.

Jana ilikuwa siku yangu ya kwanza kuendesha bila mwalimu. Kituo cha sokoni akapanda bibi mmoja na kikapu chake, akanikodolea macho.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa ukiruka kule jukwaani kama unyoya?"

Nikajisikia nikisema, "Ndiye mimi, bibi. Sasa naendesha tramu."

"Haya, basi leo usiruke! Nimebeba mayai!"

Abiria wote wakaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi yakanitoka. Kisha nikafunga milango, nikaiondoa tramu polepole, na bibi akashuka na mayai yake mazima.

Njoo Jumapili, Shangazi, nikuzungushe mji mzima.

Mwanao,
Taisiya, dereva