Zena Ameanza Kuona Joto Tena

Kibokoni, Mombasa

Kwako dadangu mpenzi Mwanaisha, uliyenilea tangu sijui kufunga shuka,

Nakuamkia kwa heshima zako zote. Natumai macho yametulia tangu upate dawa ya matone, na kwamba dari ya nyumba yetu hapo Lamu haivuji tena. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na safari hii nashukuru kwa sababu maalumu. Wanijua nikianza kueleza sinyamazi upesi, basi tafuta wa kukusomea mwenye subira.

Kwanza neno kubwa. Ile barua ya mwezi wa Shaabani, niliyokulalamikia kwamba mke wangu Zena amekuwa mvivu na amenuna, nikakuomba uniposee mjane wa fundi wa milango mtaani kwenu, ichome. Baadaye nilikupelekea habari ya mkato kwamba usubiri, nawe umenijibu kuwa watu wa mjane wangoja neno. Neno ndilo hili: posa haipo. Nakuomba uende mwenyewe ukaniombee radhi. Kosa ni langu, si la mjane wala la Zena.

Sikiliza ilivyokuwa.

Kwa karibu mwaka mzima Zena alikuwa akibadilika polepole, na kila badiliko nililipa maana yangu mwenyewe. Akilala mchana, nilisema uvivu. Akijibu neno moja baada ya kufikiri sana, nilisema dharau. Sauti yake iliyokuwa ikiongoza kasida za wanawake ikawa nzito, ya kukwaruza, nami nikaamini kwamba hataki tu kusema nami. Katika joto la kaskazi, wanaume wote barazani wamevua mashati, yeye alijifunika leso mbili na kufunga dirisha la mtaani.

“Zena, wanuna?”

“Sinuni. Naona baridi.”

“Baridi? Mombasa hii?”

“Yaniingia mifupani, Mwalimu.”

Nikaenda mezani nikakuandikia wewe ile barua.

Na uso ukamjaa. Hapo ndipo tulipopotea sote. Majirani walimsifu: “Mashaallah, Zena, umenawiri! Mwalimu akulisha nini, nasi tukawaambie waume zetu?” Nilipokuletea picha yake ya Idi Kubwa, wewe nawe uliandika kwamba sasa anaonekana mke aliyetunzwa. Sikulaumu, maana mimi nilijivuna. Kumbe sehemu kubwa ya unene ule haikuwa unene, ilikuwa uvimbe. Tuliutazama ugonjwa tukausifu.

Aliyeona ni Bi Rukia, mpambaji wa maharusi. Alikuwa akiwapaka wanawake wanja kwenye harusi ya jirani. Alipomshika Zena kidevu akasita.

“Nani aliyekunyoa nyusi?”

“Sikunyolewa.”

“Mbona zimeishia nusu ya njia? Na ngozi hii, yanywa mafuta kama mchanga!”

Wanawake wengine walicheka, Bi Rukia hakucheka. Kesho yake akaja barazani kwangu, akasimama mbele ya watu: “Mwalimu, magazeti wayasoma kwa miwani. Uso wa mkeo umeusoma lini?”

Nikavua miwani. Ndipo akanieleza kuwa dada yake alipatwa na yale yale, akanielekeza kwa daktari aliyemtibu, Mhindi wa makamo mwenye chumba chake karibu na Mwembe Tayari.

Daktari alimpigisha Zena magoti kitini, akamgonga kwa nyundo ndogo mshipa wa juu ya kisigino. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole, kama mtu aliyeitwa na hataki kwenda. Akauliza kama tuna picha yake ya zamani. Tunayo moja tu ya ujana wake, ile ya harusi, na tangu tuhamie huku haijatoka sandukuni wala kuonwa na mwanamume mgeni. Niliona haya hata kumuuliza.

“Mpe,” Zena akasema. “Bora anione yeye, kuliko nikae hivi nisionwe na mtu.”

Kesho yake tulizipeleka, daktari akaiweka ile ya harusi kando ya ile ya Idi. “Mzee, huyu na huyu ni mtu mmoja?” Dada, ilinibidi nizitazame tena zote mbili ndipo niseme ndiyo.

Sasa nikueleze. Mbele ya koo, chini ya kikoromeo, pana tezi yenye pande mbili. Haina mfereji wake kama tezi za mate. Inachotengeneza inakitia ndani ya damu, na damu inakifikisha kila mahali, hata kwenye mizizi ya nywele. Daktari alikiita homoni. Neno ni geni, lakini kazi yake waijua. Fikiria seredani yako: chakula ndicho makaa, homoni hii ndiyo upepeo. Makaa yakiwa tele na hapana wa kupepea, moto hufifia na chungu hakichemki. Ndivyo alivyokuwa Zena. Moyo wapiga polepole, fikira zachelewa, mwili wapoa. Ukipepea kupita kiasi napo ni maradhi: mtu hukonda, hutetemeka, moyo humwenda mbio. Kwa hiyo yuko msimamizi. Chini ya ubongo pana tezi nyingine, haizidi punje ya dengu, inayopima damu. Ikiona upungufu huiamrisha ya kooni ifanye kazi zaidi, ikitosheka hupunguza amri. Ya Zena ilikuwa ikiamrisha kutwa kucha, na ya kooni haina nguvu tena za kutii. Ziko nyingine juu ya figo, na nyuma ya tumbo iko ya kusimamia sukari, na hatuzikumbuki mpaka mojawapo iache kazi.

Miaka ishirini na saba nilichora mwili wa binadamu ubaoni. Shingoni nilitia mifereji miwili, wa chakula na wa pumzi, nikafuta ubao nikaenda zangu.

Dawa ni kidonge kidogo cheupe kila siku, maisha yote. Hakiuondoi ugonjwa, kinaleta kile ambacho mwili umeshindwa kutengeneza. Zena alikishika asikimeze. “Kimetoka kwa mnyama gani?” Daktari akacheka: zamani vilitengenezwa kwa tezi za wanyama, lakini hivi vimeundwa kiwandani. Ramadhani nzima alikimeza wakati wa daku.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Kwanza vidole vilipungua, pete ikazunguka tena. Kisha siku moja nikasikia kasida jikoni, sauti bado ina mikwaruzo, nikaacha gazeti. Na Ijumaa iliyopita, mchana, Zena alitupa leso zote mbili akasema, “Joto gani hili! Mwataka kunipika humu?” Akafungua dirisha la mtaani kwa mikono yake. Sijapata kusikia malalamiko matamu kama yale.

Nimemwambia habari za ile barua. Nisingeweza kula naye huku naificha. Siku mbili alinuna, na safari hii alinuna kweli. Kisha akasema: “Ulimwandikia dadako kwa wino. Basi ukanushe kwa wino.”

Nisalimie shemeji, mumeo, na mwanao mkubwa anayetunza msikiti. Bi Rukia nimempelekea halua, na namuombea dua kila nikisali.

Mimi nduguyo mdogo, mwenye kukutii,
Abdalla

*Wifi, nimesomewa yote nikataka niongeze langu. Mwalimu asema uvivu wangu ulitoka kwenye tezi, nami nimekubali. Ile haraka yake ya kutaka mke wa pili, hajanieleza imetoka tezi gani. Ukienda kwa yule mjane, mpe salamu zangu, umwambie nimepona. Mimi, Zena.*